Kwa nini kombi ilizima Muhima, na tulifanya nini isizime tena

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tulikuwa tumepanga kuandika juu ya watoto wanaochelewa asubuhi. Lakini kila tukipita kwenye foleni ya maji tunaulizwa jambo moja tu: ile kombi ya kulala ina shida gani? Eti imerogwa? Basi tumeona heri tueleze hapa mara moja, kwa sababu wengi mmechanga pesa zenu, na kuna mama mmoja kati yetu aliyepoteza kitu kikubwa kuliko pesa.

Kwa ndugu ambao hawajaipanda, kombi yenyewe ni Toyota Hiace kuukuu ya miaka ya 1980, inatumia petroli. Mwenyewe ni mzee mkimbizi mwenzetu anayeishi Kigali. Ndani ina kitanda cha kukunja, kabati, sinki ndogo na mahali pa kuweka jiko la gesi, yaani ni nyumba ndogo yenye magurudumu. Mzee alikubali tuitumie kila mara familia inapokuwa na mgonjwa mwenye randevu Kigali. Mgonjwa analala njiani, na mlezi asipopata pa kulala mjini analala humo humo. Sisi kazi yetu ni kuchanga petroli na matengenezo.

Siku ya shida ilikuwa mwezi wa nane mwaka jana, katikati ya kiangazi. Mama alikuwa anampeleka mtoto wake wa miaka sita kufanyiwa operesheni ya jicho, saa nane mchana. Mmoja wetu alisindikiza ili asaidie kutafsiri. Tulichelewa kuondoka, jua lilikuwa limeshapanda. Tukapita Ngoma, Kayonza, Rwamagana, Kabuga, kombi inakwenda vizuri kabisa. Kigali tulishuka kwanza mpaka Nyabugogo, kwa sababu kulikuwa na wanafunzi wawili waliotakiwa kuchukua basi la kwenda kaskazini. Shoferi akazima injini, tukangoja kama dakika ishirini tukiwatafutia tikiti. Tulipowasha ikawaka mara moja. Tukaanza kupanda kwenda Muhima.

Wanaojua Kigali wanajua mpando ule. Tulifika katikati, kombi ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu kama mtu aliyeishiwa pumzi, halafu kimya. Shoferi akapiga stata mpaka betri ikachoka. Nyuma yetu honi, mbele yetu mpando, na mama amempakata mtoto anatazama saa ya simu yetu. Mwisho tukasimamisha pikipiki mbili. Tulifika hospitali saa tisa kasoro, daktari alikuwa ameshaanza wagonjwa wa baadaye. Hatuwalaumu, orodha yao ni ndefu. Lakini randevu mpya ilikuwa baada ya wiki saba, na jicho la mtoto halikuwa la kungoja wiki saba. Mama hakusema neno. Alitandika kitenge chake kwenye baraza akakaa.

Jambo la ajabu ni hili: shoferi alipojaribu tena baada ya dakika arobaini, kombi iliwaka kama vile hakuna kilichotokea, ikapanda Muhima mpaka juu bila kukohoa. Hapo ndipo maneno ya kurogwa yalipoanzia.

Tuliipeleka kwenye garaji moja ambayo hatutaitaja. Wakasema koili imekufa, tukanunua koili. Wakasema petroli ina maji, wakamwaga tanki lote. Wakafungua kabureta wakaisafisha. Michango ya miezi mitatu ikaisha, na safari iliyofuata kombi ikazima tena, saa saba mchana, kwenye mpando, baada ya kusimama kidogo. Ndipo mzee akatupeleka Gatsata.

Gatsata iko ng'ambo tu ya Nyabugogo, na kama hujafika huko hujaona garaji. Ni mtaa mzima wa mafundi, vipuri, oili na nyundo. Fundi tuliyempata ni mzee aliyeendesha Hiace za abiria zamani, wakati zile minibasi zilikuwa zimejaa Kigali. Alitupendeza kwa sababu hakushika spana kwanza. Aliuliza maswali, kama mwalimu. Je, asubuhi inazima? Hapana. Inazima kwenye tambarare? Hapana, kwenye mpando. Ikiwa baridi au moto? Moto. Ikishazima, ikikaa inawaka? Ndiyo, baada ya nusu saa au zaidi kidogo. Akacheka. Akasema, "Walimu, petroli yenu inachemka."

Hata sisi hatukuelewa mara moja. Petroli ichemke kabla haijafika kwenye moto? Tukarudi darasani, na hapa tunaomba mvumilie fizikia kidogo.

Mnajua kwamba maharage yanachukua muda mrefu zaidi kuiva mahali pa juu. Waliotoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, wanalalamika hivyo tangu walipofika Rwanda. Sababu si maharage. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakandamiza kidogo zaidi, na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Baharini, kama Dar es Salaam, maji yanachemka kwa digrii 100. Uvira ni kama 97. Kigali, ambayo iko kwenye mita 1,500 hivi, ni kama 95. Basi maji yanayochemka Kigali hayana moto wa kutosha kuivisha maharage haraka.

Petroli nayo ni vivyo hivyo, ila yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vile vyepesi vinaanza kugeuka mvuke kwenye joto la digrii thelathini na tano au arobaini, na vile vizito vinangoja mpaka karibu 200. Joto la arobaini ni dogo sana jirani ya injini. Ndiyo maana katika nchi zenye baridi kali wenye viwanda vya mafuta wanatengeneza petroli ya aina mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto, na ile ya joto inapunguzwa vile vitu vyepesi.

Sasa ongeza jambo la pili. Katika gari la zamani lenye kabureta, pompi ya petroli imefungwa kwenye injini yenyewe, na tanki liko mbali. Pompi inanyonya petroli kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija. Unaponyonya, ndani ya mrija mkandamizo unapungua, na tumeshasema mkandamizo ukipungua kitu kinachemka upesi. Kwa hiyo petroli iko mahali pa juu, iko kwenye tiyo yenye moto, tena inanyonywa. Inatoa mapovu. Na pompi ile imetengenezwa kusukuma kitu cha maji maji, si hewa. Povu likiingia ndani yake, pompi inalifinya tu, inaliachia, inalifinya tena, wala hakuna kinachokwenda mbele. Ni kama pompi ya kisima ikiingiwa na hewa: unasukuma mkono mpaka jasho linatoka na ndoo iko kavu. Kabureta inaishiwa petroli, injini inazima. Kila kitu kikipoa, mvuke unarudi kuwa petroli, na gari inawaka kama kawaida. Huo ndio uchawi wote.

Hiace ina shida yake zaidi. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, ndani ya sanduku lililofungwa. Waliokaa kiti cha mbele safari ndefu wanajua jinsi miguu inavyoungua. Ukiwa unakwenda, upepo unapita na petroli mpya ya baridi inapita pia. Ukizima injini baada ya mpando mrefu, feni inasimama, maji ya rejeta hayazunguki, na moto wote wa chuma unapanda juu kwenye pompi na kabureta. Dakika ishirini baada ya kuzima, mahali pale panakuwa na moto kuliko wakati gari ilikuwa inatembea! Sisi tulisimama Nyabugogo dakika ishirini hasa, kama vile tulipima kwa saa.

Mabasi makubwa ya mazutu hayapati ugonjwa huu, kwa sababu mazutu haigeuki mvuke upesi namna hiyo. Magari mapya ya petroli nayo hayaupati kwa urahisi, maana pompi yao ya umeme iko ndani ya tanki na inasukuma kwa nguvu kutoka nyuma badala ya kunyonya. Ni ugonjwa wa wazee. Marekani kampuni ya GMC ilitengeneza nyumba za magurudumu kati ya 1973 na 1978, kubwa kama darasa letu la tatu, zenye injini kubwa sana za kabureta, na wenye nazo mpaka leo wanapambana na jambo hili hili kila wakipanda milima wakati wa joto. Tumesoma kwamba wengine huko zamani walikuwa wanabana vibanio vya nguo vya mbao kwenye tiyo ya petroli ili ipoe. Tulipomwambia fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mbao haivuti moto wa kutosha, alisema, labda inampoza shoferi moyo tu. Hata sisi tunaona hivyo.

Turudi kwenye kombi yetu. Fundi hakuamini maneno yake mwenyewe mpaka ahakikishe, na hapo tulimheshimu zaidi, kwa sababu koili mbovu nayo inaweza kuzima gari ikiwa moto, na kifuniko cha tanki kisichopitisha hewa kinazima pia. Aliiendesha mpaka ikapata moto, akaizima, akangoja, akawasha na kupanda. Ilipokufa alitazama plagi: cheche iko, nzuri. Akafungua kifuniko cha tanki: hakikuvuta hewa kwa nguvu. Kisha akatuonyesha filta ya plastiki inayoonekana ndani. Ilipaswa kuwa na petroli. Ilikuwa na mapovu tu yanayocheza.

Ndipo akaingia chini, na akatoka na boliti ndogo mkononi. Boliti hii ndiyo iliyotugharimu. Pompi ya Hiace ile ina tiyo tatu: moja inaleta petroli kutoka tanki, moja inapeleka kwenye kabureta, na moja inarudisha tanki petroli iliyozidi. Ile ya kurudisha ndiyo dawa ambayo waliotengeneza gari waliiweka tangu kiwandani. Petroli inazunguka wakati wote, inabeba moto na mapovu inarudisha nyuma. Mtu fulani, hatujui nani wala lini, tiyo ya kurudisha ilipopasuka hakununua nyingine. Aliikata, akachomeka boliti, akafunga na waya. Gari ikatembea, kila mtu akafurahi. Petroli ikabaki imesimama kwenye pompi inapikwa.

Halafu kulikuwa na mengine. Tiyo ya kuleta petroli ilikuwa imefungwa kwa waya karibu kabisa na egzosi. Bati la kukinga moto kati ya egzosi na pompi halikuwepo, labda liliuzwa. Rejeta ilikuwa nusu imeziba. Na kosa moja lilikuwa letu wenyewe: sisi tunanunua petroli ya safari moja moja kadiri ya michango, kwa hiyo tanki liko karibu tupu kila siku. Petroli kidogo inapata moto haraka, hasa ile inayorudi kutoka kwenye injini ikikuta tanki halina kitu cha kuipoza.

Fundi alirudisha tiyo ya tatu, mpya, ya mpira unaostahimili petroli. Tiyo zote za zamani alizitoa kwa sababu zilikuwa zimepasuka pasuka. Tiyo ya kuleta aliihamisha upande wa pili wa fremu, mbali na egzosi. Akakata bati la alumini akalisimamisha katikati, akiacha nafasi pande zote mbili ili hewa ipite. Alisisitiza nafasi hiyo: bati likigusa egzosi linakuwa jiko lingine. Rejeta ikasafishwa. Alitaka pia kuweka pompi ndogo ya umeme nyuma karibu na tanki, ili petroli isukumwe, lakini pesa haikutosha. Tukiipata siku moja, wazazi wajue mambo mawili. Iwe pompi ya gari la kabureta, yenye nguvu ndogo, kwa sababu ile ya magari mapya itaizidi kabureta na petroli itamwagika juu ya injini. Na ifungwe na swichi inayoikata injini ikisimama, ili siku ya ajali isiendelee kumwaga.

Hapo tunataka kusimama kidogo, maana kuna jambo lilitutisha kuliko kuzima kwenyewe. Siku ile Muhima kijana mmoja mwenye moyo mzuri alikuja mbio na chupa ya petroli akitaka kuimimina kwenye kabureta huku shoferi anapiga stata. Mwingine akashauri tuweke bidoni ya petroli ndani, juu ya kiti, tushushe kwa mpira mpaka kwenye injini, "tufike tu". Wengi wetu tumeona wakifanya hivyo Kongo. Ndugu, ndani ya kombi ile mlikuwa na mama, mtoto, magodoro na mtungi wa gesi, na injini iko chini ya kiti. Injini ikipiga moto kurudi kwenye kabureta wakati chupa iko wazi, hakuna wa kutoka. Mama yule alikataa kabla yetu, na tunamshukuru. Kukosa randevu ni uchungu, lakini alirudi na mtoto.

Ikizima tena njiani tumekubaliana hivi na shoferi. Anaiacha ijiviringishe mpaka pembeni, anaweka jiwe kwenye gurudumu na pembe tatu nyuma. Wote wanashuka, wanakaa upande wa mbali na barabara, sigara hapana. Anafungua sanduku la injini na milango, anangoja nusu saa. Akiwa na maji anaweka kitambaa chenye maji kwenye pompi na tiyo yake, pole pole, asimwagie egzosi iliyo nyekundu wala waya za plagi. Stata hagusi mpaka kipoe, betri haina kosa.

Na ili isizime, safari za wagonjwa sasa zinaondoka saa kumi na moja alfajiri. Wanaolalamika kwamba ni mapema, huku Mahama bondeni jua likishatoka hatuna huruma lake. Tanki linajazwa angalau nusu kabla ya kuondoka, hata kama itabidi tuahirishe kitu kingine. Baada ya mpando mrefu shoferi hazimi mara moja, anaacha injini inguruma polepole dakika mbili tatu maji yazunguke. Akisimama mahali, anafungua sanduku la injini lipumue. Na Nyabugogo hatupiti tena tukiwa na mgonjwa. Wanafunzi wenye safari zao wapande basi, watatusamehe.

Randevu ya pili ilikuwa mwezi wa kumi. Tuliondoka giza. Mama alikaa nyuma kwenye kitanda na mtoto kichwa kwenye mapaja, na kila mpando baada ya Rwamagana tulimsikia anahesabu kwa sauti ndogo. Kabla ya saa tatu tulikuwa hospitali, wa pili kwenye foleni. Operesheni ilifanyika siku ile ile. Daktari alisema wiki zile saba zilipunguza kitu, jicho halitaona kama lile jingine, lakini linaona. Sasa anakaa benchi la mbele darasa la kwanza na anasoma herufi kubwa za ubaoni bila kusogea. Usiku ule walilala wote wawili ndani ya kombi, wakapika uji kwenye jiko dogo.

Ile boliti tunayo kwenye kopo la chaki, anayetaka kuiona aje. Wiki iliyopita shoferi alitoka Kigali mchana wa jua, akapanda Muhima makusudi, kombi tupu, kujaribu. Ilipanda. Kinachobaki ni mlango wa pembeni ambao haufungi vizuri, na michango ya pompi ya umeme bado inapokelewa kwa mwalimu wa zamu, kila Jumamosi baada ya saa nne.